Mstari wa Kwanza

Seva haikuwa imekufa, na hilo ndilo lililotuchanganya. Ukiiita, inaitika. Ukifungua salio la mwanachama, salio linakuja. Lakini karani akibonyeza kitufe cha kuhifadhi malipo, skrini inaganda, kisha kosa linajitokeza. Nilijaribu kutengeneza faili tupu kwa mkono wangu mwenyewe, na mashine ikanijibu kwamba mfumo huu wa faili ni wa kusoma tu. Ilikuwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi, saa nne na nusu asubuhi, katika chama kimoja cha akiba na mikopo mjini Morogoro, na foleni ya wanachama ilikuwa imeshatoka nje ya mlango. Meneja alisimama nyuma yangu akipumua kwa nguvu. Nilikuwa nimeshaandika amri ya kuzima na kuwasha upya. Kilichobaki ni kubonyeza tu.

Fundi tuliyempigia simu alifika baada ya dakika ishirini, mama wa makamo mwenye mkoba mgongoni. Hakuuliza nini kimeharibika. Aliuliza, "Kuna aliyeizima?"

"Hapana, dada. Bado."

"Vizuri, mdogo wangu. Basi bado tunacho cha kusoma."

Nimefanya kazi ya kompyuta kwa miaka kadhaa tangu siku ile, na nimeona mafundi wengi wenye mikono myepesi kuliko yake. Sijaona mwingine aliyejua kama yeye ni wakati gani mikono ikae mapajani.

Kitu cha kwanza alichonielewesha ni kwamba kufuli ile haikuwa ugonjwa. Ilikuwa uamuzi. Mfumo wa faili wa ext4, ambao seva nyingi za Linux huutumia, huachiwa maagizo ya nini cha kufanya ukigundua kwamba maandishi yake ya ndani hayaaminiki tena. Maagizo ni ya aina tatu: endelea kana kwamba hakuna kitu, jifunge ubaki wa kusomwa tu, au simamisha mashine nzima. Ukiweka Debian kwa njia ya kawaida, mpangilio wenyewe hukuandikia hilo la pili kwenye faili ya /etc/fstab, kwa maneno haya: errors=remount-ro. Watu hulipita bila kuliona. Mimi nililipita mara nyingi. Yeye aliligusa kwa ncha ya kalamu na kusema kwamba aliyeliandika hapo alituonea huruma, maana mfumo uliopotoka ukiendelea kuandika, kila dakika inayopita unafunika data nzima kwa data mbovu, na usiku ukifika hakuna cha kuokoa.

Huruma hiyo ina historia. Mfumo wa ext2, ulioandikwa na Rémy Card, Theodore Ts'o na Stephen Tweedie mwaka 1993, haukuwa na njia ya kukumbuka ulikuwa katikati ya kazi gani umeme ulipokatika. Kila baada ya kukatika ilibidi diski nzima ikaguliwe, na diski zilivyozidi kuwa kubwa ndivyo watu walivyozidi kusubiri. Tweedie akaongeza shajara: kabla ya kubadilisha kitu mahali pake, mfumo unaandika kwanza pembeni kwamba nakusudia kubadilisha hiki na hiki. Umeme ukikatika, inasomwa shajara tu. Hiyo ndiyo ext3, iliyoingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2001, na ext4 iliyotangazwa kuwa imara mwaka 2008 imeirithi. Kwa hiyo shajara yenyewe ikikataa kuandikika, mfumo umepoteza ahadi yake ya msingi. Kunyamaza ndiyo heshima pekee iliyobaki.

Sasa angalia ugumu wa kazi. Seva huandika habari zake kwenye faili za logi, na faili hizo mara nyingi ziko kwenye diski ileile iliyofungwa. Tangu dakika ya kufuli, logi hazina neno. Ukizifungua kesho yake utaona maisha ya kawaida, kisha pengo, kisha mashine inawashwa. Kilichotokea kwenye pengo hilo kiko mahali pamoja tu, kwenye kumbukumbu ya muda ya kerneli, ambayo ina ukubwa wake maalumu na inajizungusha: ujumbe mpya ukizidi, wa zamani unasukumwa nje. Ukizima mashine, yote yanapotea. Kidole changu asubuhi ile kilikuwa kinakwenda kuchoma ushahidi wote, na kwa nia njema kabisa.

Dada aliketi, akaandika dmesg, amri ya kuisoma kumbukumbu hiyo, na badala ya kusoma pale pale akaimimina yote kwenye kompyuta yake kupitia mtandao. Alihesabu mistari kwanza. "Tunakimbizana na maji kwenye pipa linalovuja," alisema. Baada ya hapo ndipo alipouliza kama kuna chai.

Kuna usiku mwingine, mahali pengine, nilipomwona kwenye hali mbaya zaidi: diski yenyewe ilikuwa haisomeki tena, na kila amri aliyoandika ilirudi na kosa, kwa sababu hata programu ndogo ya kuorodhesha faili inabidi isomwe kutoka diski kabla ya kufanya kazi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ganda la amri lina maneno machache liliyozaliwa nayo, yanayoishi ndani ya kumbukumbu pamoja nalo. Hakuna ls, lakini kuna echo, na ukiiambia echo itaje nyota, inakutajia majina ya faili za pale ulipo. Alikuwa akitembea kwenye nyumba ya giza kwa kugusa kuta, bila kujikwaa hata mara moja. Na alikuwa na tabia ya kusoma /proc/mounts badala ya /etc/fstab. Ile ya pili, alisema, inakwambia tulichopanga. Ya kwanza inakwambia kilichopo, maana anayeijibu ni kerneli yenyewe.

Turudi Morogoro. Alikuwa na mistari kama elfu moja mbele yake. Karibu yote ilikuwa inasema jambo lilelile: shajara imekatishwa, haiwezekani kuandika, shajara imekatishwa. Mimi ningesoma mstari wa mwisho, kwa kuwa ndio ulio mbele ya macho, na ningetangaza kwamba shajara imeharibika. Yeye alipanda. Alipanda juu polepole, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayefuata mto kutafuta chemchemi. Alipofika kwenye mstari unaosema kwamba shajara ya sda1-8 inakatishwa, alinionyesha ile nane: faili zote kwenye ext4 zina namba, na namba nane imetengwa kwa ajili ya shajara tangu diski inapoandaliwa, kama vile namba mbili ilivyo ya saraka kuu. Nilifurahi kama mtoto. Yeye hakusimama hapo. Aliendelea kupanda mpaka akaufikia mstari ambao juu yake hakukuwa na lalamiko lolote, ila mambo ya siku nyingi nyuma. Huo ndio mstari wa kwanza. "Hayo mengine yote," alisema, "ni mwangwi."

Mstari wa kwanza una sauti, na fundi anaijua sauti ya nani. Diski yenyewe ikiwa inaoza, husema kwamba imeshindwa kusoma sekta fulani na kuitaja kwa namba. Njia ikiwa mbovu, yaani kebo au soketi, husikii uso wa diski ukilaumiwa; unasikia kiungo kimekatika, kimerejeshwa, kimekatika tena. Na njia ikiwa nzima ila upande wa pili umechelewa kujibu, unasikia amri imengojewa mpaka muda ukaisha. Mwisho wa zote tatu ni uleule: kufuli, skrini iliyoganda, meneja nyuma ya kiti. Ukiangalia mwisho huwezi kuzitofautisha. Nimeshuhudia diski nzima kabisa zikitupwa kwa sababu ya kebo, na kebo zikibadilishwa mara tatu wakati diski inakufa.

Kwa diski halisi alikuwa na ushahidi wa pili, rekodi ambayo diski hujiwekea kuhusu afya yake na ambayo programu ya smartctl huisoma. Orodha ni ndefu na inatisha bila sababu. Yeye alitazama namba nne tu. Ya 5 inahesabu sekta ambazo diski imeshazikataa na kuzihamishia kwenye akiba yake. Ya 197 inahesabu zinazosubiri hukumu: zimeshindwa kusomeka, lakini diski haithubutu kuzihamisha kwa sababu haijui zilikuwa na nini, mpaka mtu aandike kitu kipya juu yake. Ya 198 ni zile zilizoshindikana kwenye ukaguzi wa ndani. Na ya 199, ambayo wengi huihesabu kama dalili ya kifo, kwa kawaida inaisemea njia: data imefika ikiwa imepotoshwa, basi shika kebo kwanza. Napenda sana hiyo ya 197. Diski inakiri kwamba haijui, na inakataa kubahatisha.

Lakini seva yetu haikuwa na diski ya kushika. Ilikuwa mashine pepe, moja kati ya kadhaa zilizokaa kwenye mtambo mmoja na kutumia hifadhi moja ya pamoja kupitia mtandao. Mstari wake wa kwanza ulikuwa wa kungoja mpaka muda kuisha. Dada akauliza swali ambalo mimi nisingeliuliza hata ningepewa siku nzima: "Wenzake wana hali gani?"

Tulizunguka. Mashine mbili nyingine zilikuwa zimefungwa vilevile, na hakuna aliyegundua kwa sababu hazikuwa na kazi kubwa asubuhi ile. Alipolinganisha saa, zote tatu zilijifunga ndani ya dakika moja. Nyingine zilikuwa nzima. Diski tatu hazifi kwa dakika moja, alisema, kwa hiyo tusiwatafute wagonjwa, tutafute walichokula. Kisha kwenye mashine iliyofungwa akasoma faili ndogo, /sys/block/sda/device/timeout. Ilijibu 30. Kwenye mashine iliyonusurika, faili hiyohiyo ilijibu 180.

Ndivyo fumbo lilivyofunguka, bila kuguswa kitu. Linux huipa diski sekunde 30 kujibu amri. Kwa diski iliyo ndani ya kasha, huo ni umri mzima. Kwa hifadhi ya mtandao ni muda mfupi, kwa sababu hifadhi hiyo ina njia mbili, na njia moja ikianguka, kuhamia ya pili kunaweza kuchukua zaidi ya hapo. Ndiyo maana programu za VMware zinazowekwa ndani ya mashine pepe hupandisha muda huo hadi sekunde 180. Mashine tatu zilizojifunga hazikuwa zimewekewa programu hizo. Asubuhi ile mtu mmoja wa zamu aliizima swichi ya hifadhi na kuiwasha, kazi ya kawaida kabisa, akiamini njia ya pili itabeba mzigo. Na ilibeba. Ilichelewa tu. Mashine zenye subira zilisimama zikangoja, zikaendelea. Zile tatu ziliamua kwamba diski imekufa, na mifumo yake ya faili ikajifunga kama ilivyoagizwa.

Meneja aliposikia kwamba diski ni nzima akauliza, kwa haki yake, kwa nini basi hatuifungui. Ipo amri ya kuufanya mfumo uandikike tena pasipo kuzima, na mafundi wengi huikimbilia. Dada alimweleza kwa upole, akimwita kaka, kwamba shajara iliyokatishwa ni kitabu cha hesabu kilichoachwa katikati ya mstari. Kerneli yenyewe, ikiwa imeweka alama ya kukatishwa, hukataa kuufanya mfumo huo uandikike tena ukiwa bado umefunguliwa, na kabla ya kuufungua upya busara ni kuukagua. Na kabla ya ukaguzi alikuwa na jambo lingine. Aliwapigia simu watu wa hifadhi kuhakikisha swichi imetulia na hakuna aliye na mpango wa kuigusa tena mchana ule. Hutengenezi paa wakati nyumba bado inatikisika.

Kisha nakala. Mashine ilizimwa taratibu, diski yake pepe ikanakiliwa nzima kama ilivyo, na makosa yake yote. Nilikuwa nikitazama asilimia zikipanda na nikawaza kuhusu foleni. Dada alikuwa akinywa chai. Hapo tu ndipo alipoiwasha mashine kutoka kwenye picha ya uokoaji, ili mfumo mgonjwa usiwe umefunguliwa, maana kukagua kwa kutengeneza mfumo ulio wazi ni njia ya uhakika ya kuuharibu. Akaendesha programu ya ukaguzi, e2fsck, na kuiambia iangalie tu bila kugusa. Alisoma ilichosema chote. Akaiendesha mara ya pili kwa kazi halisi, bila ile swichi ya amri inayojibu ndiyo kwa kila swali. Maswali yenyewe yalikuwa machache asubuhi ile: shajara ikasomwa, faili chache zilizokuwa zinafutwa kufuli ilipoingia zikamaliziwa kufutwa, hesabu ya nafasi ikasahihishwa. Lakini aliyajibu moja moja, akisoma. Kujibu ndiyo kwa yote, alisema, ni kusaini karatasi tupu.

Siku nyingine maswali huwa mengi, na ndipo ujuzi huonekana kwa namna ya pekee. Faili zilizopoteza saraka zake hupelekwa kwenye lost+found, zikiwa na alama ya reli na namba badala ya jina. Yaliyomo yapo, jina limekwenda. Nimemwona akikaa na mamia ya faili za namna hiyo, akizitenga kwa ukubwa, kwa tarehe, kwa mwenye nazo, akifungua mistari michache ya mwanzo na kusema hii ni barua, hii ni picha, hii ni kipande cha hifadhidata, mpaka zinapata nyumba tena. Sijui kazi nyingine inayofanana na hiyo zaidi ya ile ya mtu anayewarudishia watoto waliopotea majina yao sokoni.

Na mfumo ukiwa XFS, adabu ni nyingine. Wenyewe haubaki wa kusomwa. Ukiumia hujizima moja kwa moja, na kila ukigusa unapata kosa. Mtengenezaji wake, xfs_repair, akikuta shajara haijasomwa hukataa kazi na kukwambia ufungue mfumo kwanza ili isomwe. Ipo swichi ya kumlazimisha aifute shajara. Dada anaijua. Aliniambia ameitumia mara mbili maishani, na mara zote mbili alikuwa ameshachukua nakala.

Diski inayokufa kweli ndiyo inayomtoa subira yake yote. Hapo hakagui kabisa, kwa sababu ukaguzi hukimbiza kichwa cha diski huku na huko, na mgonjwa wa moyo hakimbizwi. Anachukua diski nyingine yenye afya na kutumia ddrescue, programu ya mradi wa GNU ambayo Antonio Díaz Díaz ameitunza tangu mwaka 2004. Naipenda programu hii kwa sababu imeandikwa na mtu anayefikiri kama fundi. Inachukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, na ikikwama hairudii kugonga palepale. Inaruka, inaandika kwenye ramani yake kwamba hapa pana shida, na inaendelea. Vyepesi vikiisha, inarudi kwenye kingo za sehemu mbaya na kuzikwangua kidogo kidogo. Umeme ukikatika katikati, ramani ipo, kazi inaendelea pale ilipoishia. Kazi hiyo yaweza kuchukua siku. Ukaguzi wote hufanywa kwenye nakala, na diski ya zamani hulazwa kwenye droo.

Saa saba mchana mfumo wetu ulifunguka na kuandikika. Meneja alipiga makofi. Mimi pia. Dada hakupiga. Alisema mfumo wa faili ukiwa mzima haina maana kwamba data imekamilika, na hapo akanisimulia habari iliyowashtua watu wa hifadhidata mwaka 2018. Watengenezaji wa PostgreSQL waligundua kwamba kerneli ikishindwa kuandika ukurasa, huweza kutoa taarifa ya kosa mara moja tu, kisha ikauhesabu ukurasa ule kuwa safi. Programu iliyouliza mara ya pili ilijibiwa kwamba yote yamehifadhiwa, ilhali hayajahifadhiwa. Kurudia, ambako sote tunakuona ni busara, kulikuwa kunazalisha uongo. Mwezi Februari 2019 PostgreSQL ikatoa matoleo mapya: kosa la namna hiyo likitokea, hifadhidata inajisimamisha yenyewe na kuanza upya kutoka kwenye shajara yake. Unaona, mdogo wangu, alisema, na wao wamechagua kufunga.

Basi akamwita karani wa kaunta ya kwanza, binti mwenye kitabu cha risiti mkononi, akampa kiti. Alimwomba asome namba za risiti za asubuhi, kuanzia saa nne. Binti alisoma namba, jina na kiasi. Dada alitafuta kila moja kwenye hifadhidata na kuweka alama ya kalamu. Moja, ipo. Ya pili, ipo. Walikwenda hivyo, bila haraka, hadi kwenye dakika zile ambazo skrini ziliganda. Malipo matatu hayakuwemo. Wanachama watatu walikuwa wametoa fedha zao, wamepewa karatasi na kwenda nyumbani, na mashine haikuwa na habari nao. Binti alipoona hivyo alishika mdomo. Dada alimwambia asiogope, karatasi ipo, na wakayaingiza yote matatu, yeye akisoma na binti akiandika, kisha wakayatafuta tena kuona kama yamekaa.

Wanachama walianza kuhudumiwa. Tulipandisha muda wa kungoja kwenye zile mashine tatu hadi 180 na kuziwekea programu zilizokuwa zimesahaulika. Dada alitoa daftari mkobani, lenye jalada gumu, kurasa zake zimejaa mwandiko mdogo wa miaka mingi, na akanakili kwa mkono, herufi kwa herufi, ule mstari wa kwanza, na saa yake pembeni.